Asiye na Jino Hata Moja Ndiye wa Kupangiwa Kwanza

Kuna maneno nimeyasikia mara nyingi mno, wodini na kwenye vikao vya kupanga upasuaji: "Huyu hana meno tayari, upande wa meno hauna haraka." Husemwa kwa nia njema. Mgonjwa ana uvimbe kwenye taya, muda unakwenda, daktari wa upasuaji anataka kuutoa wote ungali unatoka, na kinywa chenye fizi tupu kinaonekana hakina cha kuokoa. Basi anapasuliwa, kidonda kinapona, ndipo analetwa kwetu na karatasi iliyoandikwa "meno bandia". Mimi ni fundi wa meno bandia. Kazi yangu ni plasta, nta na akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia, na kuingia chumbani kwa daktari pale kitu nilichotengeneza kinapojaribiwa kinywani. Maneno yale nayapinga kila nikiyasikia, na leo nataka kumweleza mgonjwa na ndugu anayemuuguza kwa nini mtu asiye na jino hata moja anatuhitaji mapema kuliko wengine wote.

Tuanze na jinsi seti kamili ya meno ya juu inavyoshika. Haina kulabu wala gundi, lakini mtu anaongea, anacheka na kutafuna nayo. Inashika kwa sababu imelalia kaakaa lote, kati yake na nyama pana utando mwembamba wa mate, na ukingo wake wote umezingirwa na midomo, mashavu na kaakaa laini kwa nyuma, hewa isipate pa kupita. Chukua vioo viwili vilivyolowa, vibandike pamoja, kisha ujaribu kuvitenganisha kwa kuvuta: ndiyo nguvu hiyo. Inataka kaakaa zima, inataka mate, inataka ukingo usiovuja. Upasuaji wa uvimbe wa taya la juu unaweza kuondoa vyote vitatu. Kaakaa linakatwa pamoja na uvimbe. Upande uliokatwa hauna tena ukingo, una tundu linalofika puani na kwenye uwazi wa hewa ulio ndani ya mfupa wa shavu. Na mionzi ikifuata, tezi za mate zinakauka.

Mwenye meno akibakiwa na manne au matano upande mzima, tunamtengenezea fremu ya chuma yenye kulabu za kushika meno hayo, na mambo yanakwenda. Asiye na meno hatuna pa kumtundikia kitu. Kaakaa ndilo lililokuwa likifanya kazi ya kulabu, nalo limekatwa. Kwa hiyo kila milimita ya kaakaa inayoweza kubakizwa bila kuacha ugonjwa nyuma, kwake ina thamani kuliko kwa yeyote mwingine.

Tundu lenyewe linamfanyia nini mtu? Maji aliyoyanywa yanatokea puani. Chakula kinapanda juu na kuganda huko. Shavu linabonyea kwa kukosa mfupa wa kulishikilia. Lakini kinachowaumiza wengi, kwa nilivyoona, ni sauti. Herufi kama b, p, d na t zinahitaji pumzi ifungiwe kinywani kwanza, kisha iachiliwe kwa ghafla. Kaakaa likiwa na tundu, pumzi inatorokea puani kabla ya kufungiwa, na b inageuka m, d inageuka n. Namkumbuka mzee mmoja aliyeletwa na binti yake. Daktari alikuwa amejaribisha bamba jipya na sasa anaongeza nta laini kwenye sehemu inayoingia tunduni, kidogo kidogo, kwenye ukuta wa nyuma upande wa shavu.

"Mzee wangu, sema 'baba'."

"Mama."

Binti akainamisha kichwa. Daktari akatoa bamba, akapasha nta, akaongeza unene wa ukucha tu, akarudisha, akamwambia mzee ageuze shingo kushoto na kulia, ameze mate, atoe ulimi. Nta ikajifinyanga yenyewe kwa mwendo wa misuli.

"Haya, tena."

"Baba." Akanyamaza kidogo, kisha hakungoja kuambiwa: "Baba. Babu. Bibi. Dada." Binti alikuwa analia, na mzee akaendelea kutaja majina ya wajukuu zake wote, mmoja mmoja, tukimsikia vizuri.

Hicho kifaa kinaitwa obtureta. Sisi karakana tunakiita kizibo tu: ni meno bandia ambayo mgongoni mwake kuna nundu inayoingia tunduni na kuliziba. Si jambo jipya. Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, alieleza bamba la dhahabu au fedha lililofungwa sponji upande wa juu. Sponji ilinyonya unyevu wa pua, ikavimba, ikashikilia bamba. Mwaka 1728 Pierre Fauchard, naye Mfaransa, alichapisha kitabu chake cha udaktari wa meno chenye vizibo vya mabawa yaliyofunguka baada ya kupita tunduni. Ukiwaza vizuri, wote wawili walikuwa wakihangaika na swali letu: kitu hiki kitashikwa na nini, kama hakuna meno ya kukishika? Sponji leo haifai kabisa, maana inanyonya uchafu na kunuka, lakini fikra ya kutumia tundu lenyewe kama kishikizo bado tunaishi nayo.

Wagonjwa wawili mashuhuri wanaonyesha jinsi matokeo yanavyoweza kutofautiana. Tarehe 1 Julai 1893 Rais Grover Cleveland wa Marekani alipasuliwa kwa siri ndani ya boti iitwayo Oneida, akatolewa sehemu ya taya la juu upande wa kushoto. Daktari wa meno Kasson Gibson wa New York akamtengenezea kizibo cha mpira mgumu, na rais akaongea vizuri kiasi kwamba mwandishi wa gazeti aliyefichua habari mwaka huohuo alionekana mwongo. Ukweli ulithibitishwa mwaka 1917, pale William Keen, mmoja wa madaktari waliokuwepo botini, alipouandika. Wa pili ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi. Mwaka 1923, Freud akiwa na miaka 67, daktari wa upasuaji Hans Pichler alimkata sehemu ya taya la juu na kaakaa kwa sababu ya saratani. Aliishi miaka 16 zaidi, akifanyiwa upasuaji mdogo na mkubwa zaidi ya mara 30, na kifaa chake nyumbani kwao walikiita dude. Kinywa kilikuwa hakifunguki vya kutosha, kukiingiza kukawa mateso, na binti yake Anna ndiye aliyemsaidia. Mwaka 1931 Varaztad Kazanjian wa Harvard alimtengenezea kingine. Nikisoma habari za Freud siwaoni mafundi wazembe. Naona kinywa ambacho kovu na upasuaji wa kurudiarudia vilikuwa vikikibadilisha umbo, huku kila kifaa kikitengenezwa kulifuata umbo lililokwisha kupita.

Sasa, kuwahi kabla ya kisu kunasaidia nini hasa?

Kwanza, kama mgonjwa alikuwa akivaa seti ya meno bandia, aje nayo. Aje nayo hata kama imelegea, hata kama imevunjika jino. Watu huitupa au kuiacha nyumbani wakidhani haitavaliwa tena. Kwetu ile ni ramani: inaonyesha mdomo ulikaa wapi, meno yalikuwa na kimo gani, taya mbili zilikutana vipi. Baada ya nusu ya taya kuondoka, alama hizo hazipo tena usoni na tunabaki kukisia. Tena seti hiyohiyo, au nakala yake, tunaweza kuigeuza kuwa kizibo cha siku ya upasuaji. Daktari anapomaliza kutoa uvimbe na kujaza shashi tunduni, bamba linafungwa papo hapo. Kwa mwenye meno lingefungwa kwa waya kwenye meno. Kwa asiye nayo linafungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa kaakaa uliobaki, au kwa waya unaozunguka mfupa wa shavu. Mgonjwa anazinduka akiwa na kaakaa. Anaweza kumeza na kusema kitu kikasikika, na mara nyingi mrija wa kulishia puani unaondolewa mapema. Wauguzi wanaijua tofauti hii kuliko sisi, maana wao ndio wanaokuwa naye usiku wa kwanza.

Pili, mchoro wa kukata. Kuondoa uvimbe wote ndiko kunakotangulia, na hakuna fundi mwenye akili anayebishana na hilo. Lakini penye nafasi ya kuchagua, kuna mambo ambayo daktari wa upasuaji aliyekaa na daktari wa meno bandia atayafanya, na aliyefanya kazi peke yake pengine hatayakumbuka. Kubakiza sehemu ya mbele ya kaakaa, ambayo ndiyo inayozuia seti isizame upande mmoja. Kutandika ngozi iliyochukuliwa pajani kwenye ukuta wa ndani wa shavu. Hili la ngozi nalipenda sana. Pale inapokutana na nyama ya kinywa panatokea kovu lenye umbo la mkanda, na nundu ya kizibo ikipita juu ya mkanda huo inakaa, haidondoki. Kwa mtu asiye na meno mkanda huo wa kovu unaweza kuwa kishikizo kikubwa kuliko vyote alivyobaki navyo. Ngozi pia inastahimili kusuguliwa kuliko utando laini wa pua, na shavu halikunjamani sana. Kuna pia ile ncha ya taya la chini inayopanda nyuma ya shavu: ikiachwa, kila mgonjwa akipanua kinywa inasukuma kizibo kutoka mahali pake, na kuiondoa siku hiyohiyo ya upasuaji ni jambo la muda mfupi.

Baada ya siku 7 hadi 10 hivi shashi inatolewa, na hapo ndipo wengi wanajiangalia kwenye kioo kwa mara ya kwanza na kuogopa. Ndugu, kuwa naye siku hiyo. Kizibo cha upasuaji kinabadilishwa kuwa cha muda, ambacho daktari atakuwa akikijaza tabaka la silikoni laini kadiri kidonda kinavyonywea. Cha kudumu kinatengenezwa baada ya miezi 3 hadi 6, na kama kuna mionzi, baadaye zaidi. Mgonjwa anayelalamika kwamba anacheleweshwa namwelewa, lakini tundu bado linabadilika umbo. Kizibo cha kudumu kilichotengenezwa mapema hakidumu.

Niruhusu nikae kidogo kwenye meza yangu. Kipimo cha kinywa chenye tundu kinachukuliwa kwa uangalifu: daktari anaziba kwanza vijia vya ndani kwa shashi iliyopakwa mafuta ya mgando na kufungwa uzi, kwa sababu unga wa kupimia ukikatikia ndani ya pua ni balaa. Kipimo kikifika kwangu namwaga plasta, na plasta ikikauka naona tundu kwa upande wa pili, kama lilivyo. Kwa tundu kubwa, nundu ikiwa imejaa akriliki ndani inakuwa nzito, na uzito ndio adui wa kwanza wa seti isiyo na kulabu: inavuta chini upande uleule usio na mfupa wa kuishikilia. Kwa hiyo naitengeneza iwe na uwazi ndani. Napika kuta zake nyembamba, natengeneza kifuniko, naviunganisha. Upande wa pua naung'arisha na kuupa mgongo wa mviringo ili kamasi ziteleze. Hauruhusiwi kugusa ukuta unaogawa pua. Kisha naizamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu na kuitazama. Ikitoa povu hata moja dogo kwenye kiungio, naifungua na kuanza upya, maana panapotoka hewa ndipo maji yatakapoingia, na maji yaliyofungiwa ndani ya akriliki yananuka baada ya muda mfupi. Nzima inaelea.

Meno yenyewe nayapanga yenye uso bapa, yasiyo na vilima virefu, ili taya la chini likiteleza lisisukume seti upande. Mgonjwa anaambiwa atafune upande mzima tu. Na anaambiwa ukweli: itacheza. Itapanda kidogo upande wa tundu anapotafuna na kushuka kidogo anapofungua kinywa. Ulimi na shavu vinajifunza kuitawala, na wanaojifunza vizuri zaidi ni wale waliokuwa wakivaa seti kamili tangu zamani, kwa sababu misuli yao inajua kazi.

Taya la chini lina hadithi yake, na kwa asiye na meno ni ngumu zaidi. Kipande kikikatwa bila kuungwa, taya lililobaki linavutwa kuelekea upande wenye pengo. Mwenye meno tunaweza kumwekea kwenye meno kipande cha kuongoza kinachorudisha taya mahali pake. Asiye nayo, tunapanga safu mbili za meno kwenye seti ya juu, moja mahali pa kawaida na nyingine ndani yake kuelekea kaakaa, ili meno ya chini yakute pa kugonga popote taya litakapotua. Ulimi ukiwa umekatwa au umekakamaa, tunashusha kaakaa la bandia liufuate. Siku hizi madaktari huziba pengo kwa mfupa mwembamba wa mguu, fibula, ukiwa na mishipa yake ya damu. Mbinu hiyo kwa taya la chini ilielezwa mwaka 1989 na David Hidalgo, daktari wa upasuaji wa Marekani. Uso unarudi, kidevu kinarudi. Lakini juu ya mfupa huo panakuwa na ngozi nene inayotikisika, hakuna mtaro kati ya shavu na fizi, na seti ya kawaida haipati pa kukaa. Maoni yangu ni kwamba asiye na meno aliyeungwa fibula aelezwe mapema kuwa bila vipandikizi, meno ya chini huenda yakawa ya picha tu.

Vipandikizi ni skrubu za titani zinazoshikana na mfupa. Per-Ingvar Brånemark aliviweka kwa mgonjwa wa kwanza mwaka 1965 huko Gothenburg, Uswidi, na mgonjwa huyo alikuwa mtu asiye na meno mwenye kasoro ya taya, kwa hiyo teknolojia hii ilianzia karibu kabisa na watu ninaowazungumzia. Baadaye vikaja vipandikizi virefu, vya milimita 30 hadi zaidi ya 50, vinavyopenya mfupa wa shavu. Kwa mtu aliyekatwa taya la juu, mfupa wa shavu mara nyingi ndio imara pekee uliobaki karibu, na vipandikizi vikiunganishwa hapo kwa reli, kizibo kinapata kulabu ambazo mwenyewe hakuwa nazo. Hapa tena suala ni la wakati. Mionzi inapunguza damu kwenye mfupa, na athari hiyo haiishi. Dozi ikizidi grei 60 (grei ni kipimo cha mionzi) hatari ya mfupa kuoza ni kubwa zaidi, na kutoboa mfupa wa namna hiyo ni uamuzi mzito. Vipandikizi vikiwekwa siku ya upasuaji, vinaanza kushikana na mfupa kabla mionzi haijaanza. Lakini hilo haliwezekani kama timu ya meno imejulishwa baada ya miezi.

Wengine watauliza kwa nini tusizibe tundu kwa nyama na kumalizana nalo. Kwa tundu dogo ni sawa, na kwa tundu kubwa mfupa wenye vipandikizi ndiyo njia ninayoitamani kwa kila asiye na meno ambaye afya inamruhusu. Nyama laini peke yake, nene na yenye kuning'inia, ndiyo inayonitia wasiwasi. Inazuia maji kupita, ndiyo, lakini seti ikiwekwa juu yake inabembea na haishiki kamwe. Kizibo nacho kina faida moja ambayo watu huisahau: kinatoka. Daktari anakivua, anamulika ndani, anaona ukuta wote wa tundu na dalili ya ugonjwa kurudi.

Kwa anayekivaa nyumbani, osha kila baada ya kula, kwa brashi laini na sabuni, juu ya beseni lenye maji ili kikidondoka kisivunjike. Usitumie maji ya moto, yanapinda akriliki. Suuza na tundu lenyewe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Katika miezi ya kwanza usikivue kwa muda mrefu, kwani tundu linanywea upesi na kitakataa kuingia. Swali la kulala nacho au kukivua usiku muulize daktari wako, atakujibu kulingana na hatua uliyofikia. Kunywa maji kwa kukaa wima, kwa funda dogo. Fanya mazoezi ya kupanua kinywa kila siku kama ulivyofundishwa, hasa ukipata mionzi, kwa sababu kinywa kisichofunguka hata milimita 35 kinatufanya tutengeneze kizibo vipande viwili, na mkono wako mwenyewe utapata taabu kukiingiza. Kinywa kikavu kilainishe kwa maji mara kwa mara kabla ya kuvaa. Kidonda kwenye fizi iliyopigwa mionzi usikisubiri kipone chenyewe: vua, njoo. Damu, uvimbe mpya, ganzi au maumivu yasiyokuwepo, njoo siku hiyohiyo. Omba pia kizibo cha pili cha akiba kama inawezekana, na unaposafiri usiviweke mfuko mmoja.

Na maji yakianza tena kutokea puani baada ya miezi mizuri, usidhani kazi ilikuwa mbovu, wala usijaribu kujaza pengo mwenyewe kwa pamba au gundi. Pamba inavutwa juu na kubaki ndani. Nyama imenywea tu, na kuongeza ukingo wa kizibo ni kazi ambayo mara nyingi tunaimaliza siku hiyohiyo, ukiwa umekaa hapo nje unasubiri.